Mjane, Mafuta na Mlango Uliofungwa

Neno la kusoma: 2 Wafalme 4:1-7; Luka 2:41-51; Mithali 31:10-31



Tangu mwanzo wa mwaka huu mama wengi wanakuja kwetu sisi mashemasi na ombi la namna moja. Wamechoka na soko. Wanatoka nyumbani saa kumi ya usiku, wanarudi giza limeingia, na watoto wanaonana nao vizuri siku ya Mungu tu. Sasa wamesikia kwamba inawezekana kuuza kwa telefone. Mtu anakaa nyumbani, anapiga picha ya kitu chake, anaitia kwenye WhatsApp au Facebook, mnunuzi anaandika, feza inaingia kwa M-Pesa au Airtel Money, na mwenye pikipiki anapeleka mzigo. Mama anabaki na watoto wake. Basi wanatuuliza kama njia hiyo inatoka kwa Mungu. Wengine hawaulizi kitu, wanaleta telefone yenyewe imefungwa katika kitambaa cheupe pamoja na chupa ya maji, wanaomba tuibariki ilete wanunuzi.

Hatukumfukuza hata mmoja. Tuliomba pamoja nao, ila yale maji tuliyaweka mbali, kwa maana telefone na maji hawapatani. Lakini tuliona kwamba sala peke yake haitoshi kwa jambo hili. Kuna neno ambalo sisi wenyewe tulilipata kwa machozi, na tukilificha tutakuwa tumewakosea. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na mjane. Alikuwa bibi wa mmoja wa wana wa manabii. Tuangalie vizuri jambo hilo, sisi tulio watu wa kanisa la nabii: mtu aliyemcha Mungu amekufa, naye ameacha deni. Mwenye kudai alikuwa anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa wake. Basi mjane hakumlilia Elisha kwa kutaka utajiri. Alilia juu ya watoto. Feza aliitafuta kwa sababu bila feza watoto wangetoka katika nyumba yake.

Elisha hakutoa feza mfukoni. Hakutabiri kwamba mgeni atakuja na magunia. Alimuuliza ana kitu gani nyumbani. Mama yule akajibu kama tunavyojibu wote, kwamba hana kitu, kisha akakumbuka mafuta kidogo katika chombo. Hapo nabii akampa maagizo. Aazime vyombo vitupu kwa majirani, wala visiwe vichache. Aingie nyumbani pamoja na watoto wake. Afunge mlango. Ndipo amimine.

Juu ya mafuta tumehubiri mara nyingi. Juu ya vyombo pia, hasa wakati wa kukusanya matoleo. Juu ya mlango hatukumbuki kama tumehubiri hata mara moja, na leo tunataka kusimama pale mlangoni. Kwa nini aufunge? Majirani walikuwa wameazimisha vyombo vyao. Hakuna mtu ambaye hangetaka kuja kuona vinafanywa nini. Mlango ukiwa wazi, mmoja angeingia kuuliza bei, mwingine angeomba kidogo cha kujaribu, wa tatu angeleta habari za njiani. Mafuta yangemiminwa chini. Nyuma ya ule mlango walibaki watu watatu tu: mama, mtoto, na mtoto. Mmoja analeta chombo, mwingine anakiondoa, na mama anapotaka chombo kingine ni mtoto wake anayemjibu kwamba vimekwisha. Alikuwa kazini, na wakati uleule alikuwa anasemezana na watoto wake. Tumesoma habari ile tangu utoto, na hatukuona jambo hilo mpaka mwaka 2022, kama tutakavyoeleza.

Wazee wa parokia watakumbuka kwamba hapa Lubumbashi mama hawakuwa wote sokoni tangu zamani. Wakati kazi ya migodi ilipokuwa na nguvu, baba alipokea mshahara na posho ya chakula, na hata leo Jumamosi tunaiita siku ya Posho. Halafu katika miaka ya 1990 mambo yakaanguka. Mshahara ukachelewa miezi, kisha ukakosa kabisa katika nyumba nyingi. Sisi tunaowaandikia tulikuwa watoto wakati ule, na tunakumbuka asubuhi ambayo mama yetu alichukua beseni kichwani kwa mara ya kwanza. Baba alikaa chini ya mwembe, hakumwangalia akitoka. Tangu siku ile mama ndiye aliyekuwa mgodi wa nyumba.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusimama hapa na kulaumu mama wa soko. Soko limetulea, limetuvalisha, limetupeleka masomo. Lakini tuseme kweli, soko linadai malipo, na mara nyingi anayelipa ni binti mkubwa. Ana miaka 9 au 10, naye amekuwa mama. Anapika bukari, anabeba mdogo wake mgongoni, anachota maji. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serkali yametangazwa kuwa ya bure, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini binti hawezi kuketi kalasini na mtoto mgongoni, hata kalasi ikiwa ya bure namna gani.

Katika nyumba yetu ilikuwa vivyo hivyo. Mama wa nyumba yetu aliuza unga sokoni. Baba wa nyumba, ndiye anayewaandikia, ni mlinzi wa usiku kwenye ghala. Asubuhi anarudi na kulala. Binti yetu wa kwanza alilea wadogo wake, na mwaka ule alirudia kalasi. Mwezi wa tatu mwaka 2020 ugonjwa wa Corona ukafunga masomo na makanisa, watu wakaogopa kukusanyika, na unga haukutoka tena kama zamani. Ndipo mama akakumbuka chombo chake cha mafuta: cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu nkambo, imefunikwa pembeni, juu yake tumepanga masufuria. Akashona vitambaa vya kufunika mdomo na pua. Mtoto wa jirani akapiga picha, akaitia kwenye WhatsApp. Siku ya kwanza watu wanne waliandika. Hatukuamini.

Masomo yalipofunguliwa tena, alianza kushona sare za watoto, bluu na nyeupe, na nguo ndogo za sikukuu. Tukajifunza kazi kwa kukosea. Mwanzoni mnunuzi aliandika miaka ya mtoto tu, nasi tukashona, na nguo zikarudi. Watoto wa miaka saba hawalingani. Tukaanza kuomba kila mzazi apime kwa kamba mabega, kifua, kiuno na urefu, kisha aweke kamba juu ya rula na kutuandikia. Tena tulijifunza kutokata kitambaa kabla ya kupokea nusu ya bei, kwa sababu nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtoto fulani haina mnunuzi mwingine. Feza haikuwa nyingi, lakini ilikuwa karibu sawa na ya unga, na nauli haikuwepo. Binti akarudi masomo kila siku. Tulitoa ushuhuda mbele ya kanisa, wengi wenu mlikuwepo. Tulisema Bwana amemrudisha mama nyumbani.

Ushuhuda ule tulitoa mapema mno.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, wiki mbili kabla ya Noeli. Washonaji wanajua wiki hizo. Telefone haikunyamaza tangu asubuhi. Huyu anauliza kama nguo yake iko tayari, huyu anabadili rangi, huyu anataka picha nyingine, huyu analalamika kwamba tumeona ujumbe wake na hatujajibu. Mama alishona akijibu, akajibu akishona. Baba wa nyumba hakulala mchana ule. Alipiga pasi na kufunga mizigo. Mtoto wetu wa nne, wa miaka mitatu, alilala juu ya vitambaa pembeni ya cherehani. Mama alimwona na kumshukuru Mungu kwamba mtoto ametulia. Baba alimwona na kudhani mama amekwisha kumlisha. Binti mkubwa alikuja akasema, “Mama, mdogo ana moto.” Mama akamjibu, “Nakuja, mwanangu, acha nijibu huyu.” Baadaye binti alirudi na neno lile lile, na jibu likawa lile lile.

Saa tatu ya usiku mtoto akashikwa na degedege. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake, sisi wawili na binti. Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imepungua sana. Daktari akauliza, “Homa ilianza lini?” Tukatazamana. Tulikuwa nyumba moja na mtoto yule siku nzima, wazazi wote wawili, hatua mbili kutoka kwake, na hakuna aliyeweza kujibu. Aliyejibu ni binti, amesimama nyuma yetu: “Tangu asubuhi, daktari. Nilisema.”

Mtoto alitiwa damu usiku ule, naye akapona. Jina la Bwana litukuzwe. Lakini lile neno “nilisema” linatufuata hata leo, na tunaomba lisituache upesi.

Katika siku tulizokaa hospitali tulisoma Luka sura ya 2. Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima bila Yesu, na Maandiko yanasema walidhani yumo katika msafara. Sisi tunafikiri, na ni mawazo yetu tu, kwamba baba alidhani mtoto yuko na mama, na mama alidhani yuko na baba. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatoka kwenye sikukuu ya Mungu! Mtu anaweza kumpoteza mtoto akitoka kanisani, na mtu anaweza kumpoteza mtoto ndani ya nyumba yake akifanya kazi ya kumlisha mtoto yuleyule. Wao walirudi nyuma, wakatafuta siku tatu. Kwanza walikubali kwamba hawanaye. Sisi ilitubidi tulazwe na mtoto hospitali ndipo tukubali.

Tulielewa jambo hili. Wakati mama alipokuwa sokoni, soko lilikuwa na jioni. Jua likishuka, watu wanafunga, mama anatua beseni mlangoni, na aliyeingia nyumbani ni mama. Telefone haina jioni. Haina siku ya Mungu. Tulidhani mama ametoka sokoni kurudi nyumbani. Kumbe ni soko lililoingia nyumbani bila kubisha hodi, likakaa kati ya mama na mtoto. Zamani mtoto alijua mama hayupo, akamngojea. Sasa mama alikuwepo, magoti yake yalikuwepo, harufu yake ilikuwepo, na macho yake yalikuwa kwa mtu wa mtaa mwingine anayeuliza bei. Mtoto mdogo hana namna ya kuelewa kutokuwepo kwa namna hiyo. Analala tu.

Basi tukarudi kwa Elisha, na mlango tukauona.

Nyumbani kwetu mlango ni kopo la maziwa ya unga, lile kubwa lenye kifuniko. Watoto wakirudi kutoka masomo, telefone inaingia koponi mpaka saa tisa ya mchana. Inatoka mpaka saa kumi na moja. Kisha inaingia tena mpaka watoto walale, na siku ya Mungu haitoki kabisa. Asubuhi watoto wakubwa wakiwa kalasini, mama anajibu wanunuzi, na baba anabaki na mdogo. WhatsApp ya biashara inaweza kujibu yenyewe ukiwa haupo. Tumeandika humo kwamba sasa tuko na watoto, tutajibu saa tisa. Mtu mmoja aliandika, “Baba shemasi, ninyi mnauza au mnasali?” Tulicheka. Lakini hakurudi, na pamoja naye zilienda sare kumi na mbili alizotaka kutuagiza.

Hatutaki kuwadanganya. Feza ilipungua. Mwezi wa kwanza baada ya kuweka kopo tulikula sombe siku nyingi kuliko kawaida, na malipo ya nyumba tuliyamaliza kwa vipande viwili. Wahubiri wengine wangewaambia kwamba tulipofunga mlango mafuta yalianza kububujika. Hayakububujika. Yalitosha, na baadhi ya miezi hayakutosha, tukaazima kwa ndugu. Wanunuzi waliobaki ni wazazi kama sisi, wanajua saa zetu, na wengine wanaandika, “Wasalimie watoto.” Hata mjane, Elisha alimwambia auze mafuta, alipe deni, na kilichobaki waishi nacho yeye na watoto. Ndicho alichoahidiwa.

Sasa baba, tusemezane. Ninyi mnaupenda sana mstari wa 18 wa Mithali 31, unaosema juu ya taa ya mama isiyozimika usiku. Tumewasikia mkiusoma. Someni pia mstari wa 31, kwamba apewe matunda ya mikono yake. Tunajua nyumba ambamo mama anashona au anaoka mikate, na laini ya telefone ya kupokelea feza imeandikwa kwa jina la baba, na namba ya siri anaijua baba peke yake. Mama anauliza feza yake mwenyewe kama mtu anayeomba mkopo. Wengine wanatuambia ni sheria ya nchi, kwamba bibi hawezi kufanya biashara bila ruhusa ya bwana. Kitabu cha sheria ya jamaa cha mwaka 1987 kilikuwa na ruhusa hiyo, ni kweli. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa. Anayeitafuta ruhusa ile leo anaitafuta mahali ambapo haipo tena. Na mbele ya sheria ya nchi ilikuwepo Lidia wa Matendo 16, mwenye kuuza nguo za zambarau, aliyewakaribisha mitume katika nyumba yake. Luka hakuandika kwamba aliomba namba ya siri kwa mtu.

Tena baba, mlango ule haufungwi na mama peke yake. Kama mama anafanya kazi nyumbani, watu hudhani hana kazi, na kila kitu kinamngojea: maji, makala, chakula, mgeni, mtoto. Sisi tulikuwa hivyo. Siku hizi baba wa nyumba anaosha watoto, na siku ya Posho anafua. Mwanzoni watu wa lupango walikuja kutazama kama sinema. Sasa wamezoea, na mmoja wao tumemwona akifua, ingawa alichagua saa ambayo wengine wamelala.

Kuhusu kazi yenyewe tuseme maneno machache, kwa maana tumeona watu wakiumia. Usitoe mzigo kwa sababu mtu amekuonyesha ujumbe wa malipo. Kuna watu wanaoandika ujumbe wa uongo unaofanana kabisa na ule wa kweli. Tazama salio lako wewe mwenyewe, ukiona feza imeingia ndipo pikipiki iondoke. Mtu akikupigia na kuuliza namba yako ya siri, hata akijiita mtu wa kampuni ya telefone, kata. Usianze na vitu vinavyooza upesi, samaki wabichi au maziwa, kama umeme wa mtaa wako hukatika. Hesabu mega unazonunua na nauli ya pikipiki ndani ya bei. Dada mmoja wa parokia aliuza mandazi mwezi mzima, akafurahi sana, kisha tulipoandika hesabu kwenye daftari tukakuta mega zimekula faida yote.

Na mtu akikuambia kwamba ataka dola 20 zako leo, ukae nyumbani, nazo zitazaa 60 bila wewe kuuza kitu, hiyo si kazi ya nyumbani. Wazee wanakumbuka mambo ya Bindo kule Kinshasa, watu walipeleka akiba zao wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi, na mwaka 1991 yakaanguka, feza zikapotea. Siku hizi inakuja kwa telefone na picha ya mtu mwenye gari jipya. Mjane alikuwa na mafuta. Yaliyojaa vyomboni yalikuwa mafuta, mtu aliweza kuyatia chunguni.

Jambo jingine, nalo linatuuma. Sare inapendeza ikivaliwa, nasi tulipiga picha ya binti yetu akiwa ameivaa, uso wake unaonekana, na jina la masomo yake limeandikwa kifuani. Wiki ile ile mtu tusiyemjua aliandika. Hakuuliza bei ya nguo. Aliuliza binti anatoka masomo saa ngapi. Tulifuta picha, na kwa mwezi mmoja baba alimpeleka binti na kumrudisha. Tangu hapo sare zetu zinapigwa picha juu ya kiti. Watoto wa mjane walibeba vyombo, ndiyo, walisaidia kazi. Lakini walikuwa nyuma ya mlango.

Tunajua kuna mama ambao hawawezi kutoka sokoni. Hawana telefone ya picha, au wanauza vitu ambavyo mnunuzi lazima avishike kwanza. Nabii hakusema kila mjane auze mafuta. Aliuliza kila nyumba ina nini. Kwa hao, na kwa wale wanaotaka kuanza lakini hawana chombo, tumekumbuka kwamba mjane aliazima vyombo kwa majirani. Mama watatu wa upande wa Katuba wamekwisha kuanza hivyo: telefone ni moja, mega wananunua pamoja, mmoja anajibu wanunuzi asubuhi, wa pili mchana, na yule ambaye zamu yake haijafika anaangalia watoto wa wote watatu. Watoto ni wanane. Tuliwatembelea wiki iliyopita. Kelele ni nyingi, lakini kila mtoto tuliyeuliza alijua mama yake yuko wapi.

Siku ya Posho inayokuja, baada ya sala ya asubuhi, mama hao watatu watakuwa katika nyumba ya sala kueleza namna wanavyogawana kazi na faida, na mama wa nyumba yetu ataleta daftari lake la hesabu, lililo na makosa yake yote ndani. Kila mtu aje na kalamu. Baba wanaalikwa kama mama. Telefone zitabaki katika beseni mlangoni, shemasi wa zamu atazilinda. Watoto waingie.